Kocha Asiyefukuzika

Nchi ya Subira haimo kwenye ramani yoyote, na atakayesema anaijua ajieleze mwenyewe alifikaje huko. Ni nchi nzuri. Ina mvua za kutosha, ina redio moja, na ina serikali ambayo haijawahi kukosea. Wageni huuliza jambo hilo linawezekanaje. Linawezekana kwa sababu Subira hakuna mtu mwenye cheo. Kila mtu anakaimu.

Mambo yalianza kwa jino. Rais wa Subira aliumwa jino, akaenda kutibiwa ng'ambo, akamwacha Mheshimiwa Fungameza ashikilie ofisi mpaka ling'olewe. Halijang'olewa hadi leo, au liling'olewa na Rais akapenda hali ya hewa ya huko, redio haijasema. Waliokuwa wananyonya siku aliyoondoka sasa wana ndevu. Mheshimiwa Fungameza bado ni Kaimu Rais. Uchaguzi haujafanyika, na sababu yake iko wazi: uchaguzi ni wa kumpata Rais, na Rais yupo, ila yuko kwa daktari.

Mawaziri walipotazama wakaona kukaimu ni jambo jema, wakaanza kukaimu nao. Baada yao wakurugenzi, halafu wakuu wa shule, mpaka bawabu wa jumba la makumbusho. Kaimu ana gari la cheo, ana nyumba ya cheo, ana king'ora cha cheo, lakini kosa la cheo hana. Kosa ni la mwenyewe asiyekuwepo. Ndiyo maana katika kila ofisi ya Subira kuna viti viwili: kimoja amekikalia kaimu, na cha pili kimetundikwa koti la mwenyewe. Ukija na shukrani, unampa kaimu. Ukija na malalamiko, kaimu anakuonyesha koti kwa adabu, kisha anatoka nje kidogo ili mzungumze kwa faragha.

Pale Idara ya Maji mama mmoja alilieleza koti kwamba bomba la mtaani kwao linatoa upepo tu. Alizungumza mpaka akamaliza. Koti halikumkatiza hata mara moja, halikutazama saa, halikumwambia arudi kesho. Sijui ni nchi ngapi zinaweza kujivunia usikivu wa namna hiyo.

*

Lakini watu wa Subira, ambao wanaweza kusubiri maji, dawa na barabara, kuna kitu kimoja hawawezi kukisubiri, nacho ni Manyigu. Manyigu ndiyo timu yao ya mpira. Msimu ule ilikuwa inaelekea kushuka daraja, na kocha wake, mgeni mmoja aliyekuja na mbwa na mpishi wake, alipoona msimamo wa ligi akaumwa jino, kama makocha waliomtangulia. Pale uwanja wa ndege watu walimwona akitafuna korosho. Koti lake likabaki kwenye benchi, na chama cha mpira kikamtangaza Tobiasi Likwena kuwa kaimu kocha kwa mechi mbili zilizobaki.

Wanachama wa tawi la Kona ya Mbao walikutana siku hiyo hiyo. Tawi hili liko ndani ya karakana ya Mzee Chande Mpangala, fundi seremala, ambaye ndiye mwenyekiti. Wanachama hukaa juu ya vitanda ambavyo havijapigwa msasa, na kikao kikiisha kila mtu hujichomoa vibanzi mahali pake. Mzee Chande na wenyeviti wenzake wa matawi ya Manyigu ndio watu pekee nchini Subira walioko madarakani kwa kuchaguliwa. Katiba ya Manyigu inasema mwenyekiti wa tawi atachaguliwa na wanachama kila msimu, na serikali haikuifuta, kwa kuwa ilidhani ni mambo ya mpira tu.

"Huyo Likwena ndiye nani?" aliuliza Nyamizi, ambaye hukaanga samaki ng'ambo ya barabara na sauti yake hufika kabla yake.

"Alikuwa anafundisha timu ya Posta," alisema Mwalimu Bakunda. Bakunda ni kaimu mwalimu mkuu, na huvaa tai hata kwenye kikao cha tawi, ili ikitokea fujo ajulikane kwamba alikuwa anapita.

"Posta bado ipo?"

"Ipo. Barua ndizo hazipo."

"Basi hatufai. Mimi nataka kocha wa kweli, mwenye kazi yake. Huyu atafungwa, halafu ataonyesha koti, na mimi nimechoka kuzomea nguo."

"Dada Nyamizi, kaimu ana faida zake. Hana presha. Anatulia."

"Mwalimu, kutulia tumekuona wewe. Watoto wamemaliza darasa la saba hawajui kusoma jina la shule."

"Hilo ulieleze koti," alisema Bakunda, bila hasira, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.

Karakana nzima ikacheka. Mzee Chande akagonga kitanda kwa randa kutaka utulivu. "Jamani, tumpe Jumamosi moja. Akiboronga tutamsema."

"Tutamsema yeye au koti, mwenyekiti?"

Mzee Chande alifikiri sana, kisha akasema ajenda imeisha.

*

Jumamosi Manyigu walifungwa tatu bila. Hapo hakuna jipya. Mpira ulipoisha, mtangazaji wa redio alifanya kama inavyofanywa siku zote: akampita kaimu kocha, akaenda kwenye koti, akaliwekea kipaza sauti karibu na kola, akauliza, "Kocha, leo tatizo lilikuwa wapi?" Kisha kukawa na kimya cha heshima, ambacho redio ya Subira hukirusha hewani chote.

Safari hii kimya kilikatika. Likwena alikuja akakichukua kipaza sauti.

"Tatizo ni mimi," alisema. "Beki wa kushoto aliamka na homa, akaniambia, nikamlazimisha acheze. Mabao yote yamepitia kwake. Msimlaumu yeye, mnilaumu mimi. Na hili koti naomba mliondoe, mchezaji wa akiba amekaa chini kwenye nyasi."

Kule Kona ya Mbao walibaki wakiitazama redio kana kwamba imewauliza swali.

"Amesema yeye?" aliuliza Nyamizi, taratibu, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe.

"Amesema yeye," alisema Mzee Chande.

"Ndiye huyu sasa. Huyu asiguswe."

"Ametufungisha tatu," alikumbusha Bakunda.

"Ametufungisha *yeye*, Mwalimu. Miaka yote tumefungwa na kitambaa."

*

Ugonjwa ukaanza kuenea. Jumatatu yule mama wa bomba alirudi Idara ya Maji, akaonyeshwa koti, akakataa kuzungumza nalo. Alimwambia kaimu mkurugenzi, "Mwenzako wa mpira amesema. Na wewe sema." Kaimu mkurugenzi alitoka nje kwa faragha na hakurudi. Hospitali kuu kaimu mganga alijifungia chumba cha eksirei. Kufika Jumatano, makaimu kadhaa walikuwa wametazamwa usoni na wananchi, na wawili kati yao walilazwa.

Baraza la makaimu mawaziri lilikutana kwa dharura. Mheshimiwa Fungameza, ambaye ni mtu mpole na hupenda mambo yaishe kabla ya chakula cha mchana, alisema kwa ufupi, "Afukuzwe."

Kaimu mwanasheria mkuu akakohoa. Alieleza kwamba kaimu hafukuziki. Kaimu hakuteuliwa, ameshikilia tu, na huwezi kumwondoa mtu mahali ambapo kisheria hayupo.

"Basi afungwe jela."

Hilo nalo halikuwezekana. Mkuu wa magereza alikuwa kaimu, na kaimu haruhusiwi kuanzisha jambo, anaruhusiwa kuendeleza lililopo. Kwa hiyo hawezi kupokea mfungwa mpya. Wa zamani pia hawezi kuwaachia, na ndiyo maana kuna mzee mmoja mule ndani aliyeingia kwa kosa la kupiga honi karibu na shule.

Hapo ndipo Mheshimiwa Shebughe, Kaimu Waziri wa Michezo, Vijana na Utulivu, alipojitolea kwenda kulieleza taifa. Shebughe ana shahada nyingi na huzitaja zote, hata akiwa anaomba chumvi. Angeweza kunyamaza, na mambo yangepoa yenyewe kama yanavyopoa siku zote. Lakini serikali ya Subira ina udhaifu mmoja, nao ni kwamba inajivunia sana taratibu zake.

"Ndugu wananchi," alisema redioni, "wapo wanaodhani serikali hii tukufu yaweza kumfukuza kocha hivihivi, kama mtu anayemfukuza kuku jikoni. Sivyo. Sisi ni watu wa sheria. Ili kocha afukuzwe, ni lazima kwanza athibitishwe kuwa kocha kamili. Wa kumthibitisha ni Waziri. Mimi ninakaimu, na kaimu hathibitishi. Hivyo ni lazima kwanza nithibitishwe mimi, na wa kunithibitisha ni Rais. Mheshimiwa Fungameza naye anakaimu. Ni lazima kwanza athibitishwe yeye, na wa kumthibitisha, kwa mujibu wa katiba yetu iliyotukuka, ni nyinyi wananchi kwa kura zenu. Kwa hiyo mnaona wenyewe kwamba haiwezekani."

Akawashukuru wasikilizaji, redio ikapiga muziki wa bendi ya polisi.

*

Kwenye karakana ya Mzee Chande muziki ulisikika mpaka mwisho bila mtu kuusikiliza.

"Ngoja," alisema Nyamizi. Alikuwa ameshika koleo la kugeuzia samaki, akawa analitumia kuhesabia hewani. "Kocha akifukuzwa, lazima waziri athibitishwe. Waziri akithibitishwa, lazima Rais achaguliwe. Sasa si tuombe kocha afukuzwe?"

Mwalimu Bakunda alisimama, akanyoosha tai, akaelekea mlangoni, akarudi. "Hiyo ni hesabu mbaya sana, Dada Nyamizi. Isirudiwe."

"Ameifanya waziri mwenyewe, kwa shahada zake. Mimi nimejumlisha tu."

"Lakini tunampenda huyu kocha," alisema Mzee Chande.

"Ndiyo. Tunampenda sana. Afukuzwe."

Wakiwa katika hali hiyo, Likwena mwenyewe akaingia. Ni desturi ya Manyigu kwamba kocha akabidhiwapo timu huzunguka matawi kuwasalimia wanachama, na Kona ya Mbao ilikuwa ya mwisho. Alikuwa mtu mfupi, mwenye viatu vya michezo vilivyochanika kwenye kidole. Akapewa kitanda, akakaa.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba, kocha. Jumamosi vipi?"

"Tutashinda. Lazima tushinde." Likwena alikuwa akizungusha kofia mkononi. "Niwaambie ukweli wazee wangu, na mama zangu. Nilikaimu Posta, nikakaimu Bandari kavu, nikakaimu timu ya wagonjwa wa kifua kikuu waliopata nafuu. Sijawahi kuwa kocha wa mahali popote. Chama cha mpira kimesema tukibaki ligi kuu, watanithibitisha. Nataka hilo tu. Niitwe kocha wa Manyigu, nikishinda nimeshinda mimi, nikiboronga nimeboronga mimi. Hata mke wangu kanisani huwa anasema mume wake anafanya shughuli."

Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Mwishowe Mzee Chande, kwa kuwa alichaguliwa, akaona kazi ni yake.

"Mwanangu, hukusikiliza redio?"

"Nilikuwa mazoezini."

Mzee Chande akamweleza. Alieleza polepole, kutoka kocha hadi waziri, kutoka waziri hadi Rais. Likwena alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo hata nikishinda."

"Hata ukishinda kumi."

"Nitakaimu mpaka nife."

"Na ukifa tutaambiwa umesafiri," alisema Nyamizi, lakini kwa upole. Kisha akamwambia hesabu yake. "Kocha, fungwa Jumamosi. Tushuke daraja, nchi nzima ilie, wakose njia nyingine ila kukufukuza. Uchaguzi huo hapo."

Hapo ndipo karakana ilipochafuka. Watu ambao hawajawahi kugombana na serikali kwa maji, dawa wala barabara waliruka juu ya vitanda.

"Kushuka daraja?" alisema Bakunda, na tai ilikuwa imegeukia mgongoni. "Una wazimu? Uchaguzi hata ukichelewa upo. Daraja tukishuka ndiyo basi. Tukacheze na timu ya kiwanda cha sabuni? Mimi nina wanafunzi, nitawaambia nini?"

"Usiwaambie kitu, Mwalimu, kama kawaida."

Mzee Chande aligonga randa mpaka ubao ukapasuka. Likwena akainuka.

"Mimi kufungisha timu kwa makusudi sijui," alisema. "Jumamosi nacheza nishinde. Baada ya hapo, nyinyi ndio wenye timu. Mkiamua lolote nitasikia." Akavaa kofia yake, akatoka. Alisahau hata kujichomoa vibanzi.

Wakapiga kura. Iliamuliwa kwamba Manyigu washinde, na wakishinda, kocha afukuzwe. Mwalimu Bakunda aliomba kujua sababu gani itatolewa ya kumfukuza kocha aliyeshinda. Mzee Chande akasema sababu ni kwamba wanampenda, na kikao kikafungwa.

*

Jumamosi Mheshimiwa Fungameza alikuja uwanjani mwenyewe. Washauri wake walikuwa wamemwambia kwamba Manyigu wakishinda itabidi awepo mtu wa kupokea shukrani. Vipaza sauti vya uwanja, vibovu tangu enzi za jino, vilitengenezwa wiki ile ili hotuba yake isikike mpaka sokoni.

Manyigu walishinda moja bila. Bao alilifunga yule beki wa kushoto, homa imekwisha, kwa kichwa, akiwa haangalii vizuri. Mpira ulipokwisha watu walikumbatiana, wakalia, wakamwagiana soda. Kisha upande wa Kona ya Mbao ukaanza kuimba, na wimbo ukazunguka uwanja mzima mpaka ukarudi ulikotoka.

"Kocha afukuzwe, kocha wetu afukuzwe, tunampenda, afukuzwe."

Waliimba kwa mapenzi makubwa. Kulikuwa na akina mama waliokuwa wakipangusa machozi kwa kanga huku wakiomba mtu huyo aachishwe kazi. Mheshimiwa Fungameza, ambaye hasikii vizuri kwa sikio la kushoto, alikuwa anapiga makofi kufuata mdundo, mpaka Shebughe alipomnong'oneza kwenye la kulia.

Alisimama kwenye kipaza sauti. Watu nao walikuwa wamesimama.

"Ndugu wananchi. Ushindi huu ni matunda ya ukaimu wetu imara. Serikali yenu ina imani kubwa, nasema kubwa mno, na kaimu kocha huyu. Aje hapa nimpe mkono."

Likwena alipanda ngazi za jukwaa kuu, jasho linamtoka. Alipewa mkono, akaushika, hakuuachia.

"Mheshimiwa, shikamoo. Wameomba nifukuzwe. Nami naomba unifukuze."

Mheshimiwa alicheka kicheko cha jukwaani. "Kocha, umeshinda. Ufukuzwe kwa kosa gani?"

"Sina kosa leo. Wenye timu ndio wanataka."

"Serikali inakupenda."

"Nashukuru, Mheshimiwa. Nifukuze."

"Mambo haya yana taratibu zake."

"Najua. Nimeelezwa. Naomba zianze." Ile ndiyo kazi aliyoitafuta tangu ujana, na furaha yake alikuwa ameionja kwa dakika chache tu. "Mimi nimekubali kuipoteza. Sema tu."

Mheshimiwa alimtazama Shebughe. Shebughe alikuwa anasoma nembo kwenye kiatu chake.

"Siwezi," alisema Mheshimiwa kwa sauti ya chini. Vipaza sauti vikaipeleka sokoni.

"Nani anaweza?"

"Rais."

"Na wewe je?"

Ni lazima tumtendee haki Mheshimiwa Fungameza. Alikuwa mtu wa sheria, na swali lilikuwa la sheria. Akajibu kama angejibu ofisini kwake, mlango ukiwa umefungwa.

"Mimi si Rais."

Sheria ya Subira inasema kwamba Rais akisimama, raia yeyote asikae. Kuhusu mtu mwingine yeyote akisimama, sheria haisemi kitu.

Mzee Chande Mpangala, ambaye magoti yalikuwa yanamsumbua tangu kipindi cha pili, alikuwa wa kwanza kuketi. Nyamizi akaketi kando yake, akapanga kanga yake vizuri. Mwalimu Bakunda alitazama kushoto, akatazama kulia, akavua tai, akaitia mfukoni, akaketi. Mstari wao ukaketi wote, halafu upande wa pili, halafu askari waliokuwa wamezunguka uwanja, kwa maana jua lilikuwa kali na wao pia wana miguu. Likwena aliuachia ule mkono taratibu, akateremka ngazi, akaketi kwenye nyasi na wachezaji wake.

Mheshimiwa Fungameza akabaki amesimama, uwanja mzima peke yake, na hakuna aliyemwambia aketi.